Mama analia, kaka anaondoka: kwa nini Mamma Mia! inatugawa

Swali: Mwalimu, shikamoo. Hivi karibuni tuliitazama filamu ya muziki Mamma Mia! ya mwaka 2008 nyumbani, mimi, mama na kaka yangu. Mama aliimba mwanzo hadi mwisho na mahali fulani akalia. Kaka alivumilia mpaka mwigizaji Pierce Brosnan alipoanza kuimba, akainuka akaenda zake. Mimi nilibaki katikati: niliziona kasoro zote alizozitaja kaka na bado nilifurahi. Nikisoma maoni ya watu naukuta mgawanyiko ule ule, wengine wakiisifu kupita kiasi na wengine wakiita takataka. Nani yuko sahihi? Na ile ya pili, ya mwaka 2018, nimwonyeshe kaka au niache?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Filamu hii nimeitazama na wanafunzi wangu wa muziki wa filamu mara nyingi kuliko nyingine yoyote ya aina yake, na kila mara darasa limegawanyika kama ilivyogawanyika sebule yenu. Ninachoamini ni kwamba mama yako na kaka yako hawakubishana juu ya kitu kimoja. Ndani ya Mamma Mia! mna filamu mbili zinazopokezana, moja ikitaka umsikilize mhusika, nyingine ikitaka uimbe naye, na mwongozaji hatoi ishara yoyote pale ya kwanza inapoishia na ya pili inapoanza. Aliyeketi kwa ajili ya kuimba hufurahi karibu muda wote. Aliyeketi akisubiri kusimuliwa hadithi huona kwamba kila akikaribia kuguswa anakatizwa na ngoma.

Tuanze na asili ya aina hii ya filamu, iitwayo filamu ya jukiboksi, maana hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Jukiboksi ilikuwa mashine ya kupigia santuri iliyowekwa katika baa na migahawa: unatumbukiza sarafu, unachagua wimbo unaoupenda, unapigiwa. Filamu ya jukiboksi imepata jina lake hapo, kwa kuwa nyimbo zake hazikutungwa kwa ajili yake bali zilikwisha kuvuma zamani. Katika filamu nyingine za muziki, mtunzi anamjua mhusika kabla ya kuandika ubeti wa kwanza; anajua huyu ameachwa na yule ana deni, na wimbo unakatwa kwa kipimo cha mwili wake kama fundi anavyokata nguo. Katika filamu ya jukiboksi nguo imeshashonwa, na kazi ya mwandishi ni kumtafuta mtu wa kuivaa. Wapo wanaoiona kazi hii kuwa ya daraja la chini, nami sikubaliani nao hata kidogo. Singin' in the Rain ya mwaka 1952, ambayo wahakiki wengi huiweka kileleni mwa filamu za muziki za Marekani, ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya nyimbo za Arthur Freed na Nacio Herb Brown zilizokuwa zimekwisha kuimbwa katika filamu za nyuma. Kuazima wimbo si kosa. La kuuliza ni kama wimbo ulioazimwa umepewa kazi mpya katika kinywa hiki na katika saa hii ya hadithi, au umeletwa kwa sababu tu watu wanaupenda.

Catherine Johnson, aliyeandika hadithi ya Mamma Mia! kwanza kwa ajili ya jukwaa na baadaye kwa ajili ya filamu, alikuwa na bahati ya kupewa nguo za vipimo viwili. Nyimbo nyingi za mwanzo za ABBA, kundi la Sweden lililoshinda shindano la Eurovision mjini Brighton tarehe 6 Aprili 1974, ni za ujana: kupendana, kuringa, kucheza dansi. Nyingi za mwisho ni za watu wazima waliojeruhiwa, kwa kuwa kundi lenyewe lilikuwa la ndoa mbili, na ndoa zote mbili zilivunjika wanne hao wakiwa bado wanarekodi pamoja. Hadithi ya mama na binti ilikuwa imeshalala ndani ya nyimbo, ikisubiri kuamshwa. Sophie, mwenye miaka 20, anakaribia kuolewa katika kisiwa cha Ugiriki ambako mama yake, Donna, anaendesha hoteli ndogo iliyochakaa. Anaisoma shajara ya zamani ya mama, anagundua kuwa baba yake anaweza kuwa yeyote kati ya wanaume watatu, na anawaalika wote harusini bila kumwambia mama. Mchezo huo, ulioongozwa na Phyllida Lloyd na kutayarishwa na Judy Craymer, ulifunguliwa London tarehe 6 Aprili 1999, miaka 25 kamili baada ya usiku ule wa Brighton, na ni wanawake hao hao watatu walioupeleka kwenye sinema. Asili hiyo ya jukwaani ina uzito mkubwa katika kesi yetu, na nitairudia.

Hukuniambia mama yako alilia wapi, lakini ukiniruhusu kubahatisha nitasema ni pale Donna anapomwandaa Sophie siku ya harusi. Wimbo unaoimbwa ni Slipping Through My Fingers wa mwaka 1981. Björn Ulvaeus, mmoja wa wanne wa ABBA, aliuandika akimwazia binti yake mdogo anayekwenda shule, na maneno yanaanza na mtoto anayetoka nyumbani asubuhi, begi la shule mkononi. Chumbani kwa Sophie hakuna begi wala shule. Kuna bibi harusi anayechanwa nywele na kupakwa rangi kucha za miguu na mama yake, kama mtoto anayetayarishwa kutoka. Maneno hayakubadilishwa ili yalingane na harusi, na nguvu ya tukio imo humo humo: tunamsikia mama akiimba juu ya mtoto wa shule huku macho yake yakiwa juu ya mwanamke mzima, tukaelewa bila kuambiwa kwamba kwake yeye yule mtoto hajawahi kuondoka. Kutolingana kwa maneno na tukio, ambako kwingine kungekuwa dosari, hapa kunatusimulia miaka mingi ambayo filamu haikuwa na nafasi ya kuionyesha. Meryl Streep, anayemcheza Donna, anauimba kwa sauti ya chini, karibu na kusema. Mwonyeshe kaka yako kipande hicho peke yake, bila kingine mbele wala nyuma. Sidhani kama atainuka.

Mfano wa pili ni mwepesi zaidi lakini ufundi wake ni ule ule. Does Your Mother Know wa mwaka 1979 ulikuwa wimbo wa mwanamume anayemkataa msichana aliye mdogo mno kwake. Katika filamu anauimba Tanya, rafiki wa Donna anayechezwa na Christine Baranski, akimwambia kijana anayemfuatafuata ufukweni. Wimbo ni ule ule, mdomo tu ndio uliobadilika, na maana imegeuka nje ndani.

Sasa njoo kwenye ile filamu nyingine iliyomo ndani ya Mamma Mia!, ile inayotaka uimbe nayo. Donna amekata tamaa, marafiki zake wawili wanamchangamsha, na Dancing Queen inaanza chumbani kisha inamwagika nje. Wanawake wa kijiji wanaacha kazi walizokuwa wakizifanya na kuufuata msafara unaoteremka kuelekea gatini. Mmoja, mwenye umri mkubwa, anautupa mzigo wa kuni aliokuwa ameubeba mgongoni. Huko chini anayepiga piano ni Benny Andersson mwenyewe, mtunzi mwenza wa wimbo. Ukiuliza wimbo huu unaisogeza hadithi kwa hatua ngapi, jibu ni kwamba hauisogezi karibu kabisa: Donna alipoanza kuimba alikuwa na tatizo la wanaume watatu, na alipomaliza bado analo. Lakini tukio halikutengenezwa ili lisogeze hadithi. Limetengenezwa ili yeyote aliyebeba mzigo, ndani ya kioo au mbele yake, autue kwa dakika chache. Kulipima kwa kigezo cha hadithi ni kuudai wimbo wa mavuno utoe habari.

Kama bado una shaka, rudi mwisho kabisa, majina ya watengenezaji yanapopita. Streep, Julie Walters, anayemcheza rafiki mwingine wa Donna, na Baranski wanatokea wamevaa mavazi ya kumetameta, wanaimba tena Dancing Queen, kisha Streep anaigeukia kamera na kutuuliza sisi, watazamaji, kama tunataka wimbo mwingine. Ndipo Waterloo inapigwa, ingawa haina nafasi yoyote katika hadithi. Hiyo ni desturi ya jukwaani, ambako baada ya mchezo kwisha waigizaji hurudi na mavazi yanayong'aa na ukumbi mzima husimama. Lloyd alikuwa mwongozaji wa michezo ya jukwaani, na hii ilikuwa filamu yake ya kwanza ya sinema. Aliyahamisha makubaliano ya ukumbini kama yalivyo, na kioo cha sinema hakikuwa na namna ya kumjulisha mgeni kwamba makubaliano hayo yapo. Wasambazaji walilielewa hilo upesi, kwani mwaka ule ule wa 2008 walipeleka sinema toleo lenye maneno ya nyimbo kwenye kioo ili watu waimbe pamoja. Mama yako aliitazama filamu hiyo ya kuimba pamoja bila kuhitaji maneno kuandikwa.

Nije kwa Brosnan, aliyemwondoa kaka yako. Kwa uimbaji wake alipewa Golden Raspberry, tuzo ya kejeli inayotolewa kwa kazi mbovu za mwaka, kama mwigizaji msaidizi mbaya kuliko wote, na siwezi kusema waliompa walikosa masikio. Wimbo unaomponza zaidi ni SOS wa mwaka 1975, nao umejengwa kwa mtego: beti zake ziko chini, katika ngazi ya huzuni ambayo wanamuziki huiita maina, kisha kibwagizo kinapanda na kufunguka katika meja, ngazi ya uchangamfu. Mwimbaji mzoefu huitumia kupanda huko kama mtu anayefungua dirisha. Brosnan kwenye beti anajimudu, lakini kibwagizo kikija unasikia koo likikaza, na uchungu wa mhusika unafunikwa na jitihada za mwigizaji.

Hata hivyo, nitamtetea kwa jambo moja ambalo wanaomcheka hulipita. Watengenezaji hawakuchagua waimbaji waliofundishwa kuigiza, walichagua waigizaji na kuwaachia sauti walizonazo, kwa sababu watu wa hadithi hii ni watu wa kawaida: mwenye hoteli, msanifu majengo, mfanyakazi wa benki, baharia. Mtu wa kawaida anapoimba wimbo wa ABBA huuimba hivyo hivyo, kwa moyo mkubwa na pumzi haba, na ndiyo maana mtazamaji anayeimba nyumbani anajiona yumo. Kwa mama yako sauti ile ilikuwa mlango wa kuingilia. Kwa kaka yako ilikuwa uthibitisho kwamba amedharauliwa, kwamba ameuziwa filamu ya muziki isiyojali muziki. Kila mmoja ana hoja. Mimi binafsi naona uchaguzi huo ulifaa kwa Streep, Walters na Baranski, ambao wana sauti za kutosha kuubeba, na kwamba kwa Brosnan ulitakiwa uambatane na ujasiri wa kuushusha ule wimbo hadi sauti yake ilipoweza kufika bila kukazana.

Kuna zoezi ambalo nimewahi kulifanya darasani na ambalo lilinibadilisha hata mimi. Tulichukua tukio la The Winner Takes It All, pale Donna na Sam, mmoja wa wale wanaume watatu, anayechezwa na Brosnan, wanapokuwa peke yao juu ya bahari, njiani kuelekea kikanisa cha Agios Ioannis kilichojengwa juu ya mwamba katika kisiwa cha Skopelos, na tukalitazama mara ya kwanza bila sauti. Kilichoonekana ni mwanamke mwenye mtandio mwekundu unaopigwa na upepo, na mwanamume aliyesimama akimsikiliza. Wanafunzi waliokuwa wamemdhihaki Brosnan wiki nzima walinyamaza, maana katika tukio hilo haimbi neno hata moja. Kazi yake ni kupokea, naye anaifanya vizuri sana. Mara ya pili tulizima picha tukabakiza sauti. Wimbo huo wa mwaka 1980, ulioandikwa na Ulvaeus wakati ndoa yake na Agnetha Fältskog, mwimbaji wa ABBA, imekwisha kuvunjika na kuimbwa na Fältskog huyo huyo, una mahadhi mawili tu yanayorudiwarudiwa. Hakuna kipande cha tatu cha kuuokoa, kwa hiyo ukuaji wote unamtegemea anayeimba. Streep kwa masikio matupu ana mikwaruzo ambayo Fältskog hakuwa nayo. Tulipounganisha picha na sauti, mikwaruzo ile ikawa hasira ya miaka 20 iliyokosa wa kuisikiliza. Maneno yanamuuliza mpenzi wa zamani kuhusu mwanamke aliyechukua nafasi, na Donna anaamini kuwa Sam alimwacha akaenda kuoa mwingine. Kila mstari una mahali pa kukaa. Hapa filamu zote mbili zinakutana kwa mara moja, na ni bahati mbaya kwamba kaka yako hakuwapo chumbani.

Kuna jambo lingine linalowagawa watazamaji, nalo haliko kwenye kioo: ni kumbukumbu anayokuja nayo kila mmoja. Nchini Uingereza ABBA walishika namba moja mara 9; Marekani walifika hapo mara moja tu, kwa Dancing Queen, mwaka 1977. Filamu iligharimu dola milioni 52 hivi na ikaingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani, lakini chini ya robo ya fedha hizo ilitoka Marekani na Kanada, wakati nchini Uingereza iliipita hata Titanic na kuwa, kwa wakati ule, filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote katika historia ya nchi hiyo. Sisemi kuwa kumbukumbu ndiyo sababu pekee. Ninachosema ni kwamba wimbo unaofahamika huja na mwaka wake, na mtu aliyewahi kuucheza akiwa na miaka 16 hausikii kama anavyousikia aliyeukuta jana. Mama yako alipoimba hakuwa anaifuata hadithi ya Donna peke yake. Kaka yako alikuwa na hadithi ya Donna tu, na hadithi hiyo ikisimama bila msaada ni nyembamba.

Katika mengine kaka yako ana haki, nami simpunguzii. Hesabu ya miaka haikai sawa: Streep alizaliwa mwaka 1949, binti ana miaka 20 tu, na shajara inasimulia mambo ya msichana asiyejua dunia. Hoteli ya Donna ilijengwa kwa sehemu kubwa ndani ya studio za Pinewood, Uingereza, na jicho linaona mwanga ukibadilika kila tunapotoka ufukweni halisi na kuingia uani. Kamera hukatakata dansi mahali ambapo ingesimama mbali na kutuachia miguu tuione. Wimbo mmoja au miwili umepachikwa tu.

Neno moja silikubali, nalo ni hilo la takataka, hasa linapotolewa kwa sababu filamu imekusudia kufurahisha. Furaha ya mtazamaji haipatikani kwa kupiga wimbo anaoujua. Zipo filamu za jukiboksi zilizojaa nyimbo zinazopendwa kuliko hizi, na kumbi zikabaki tupu. Tena, tazama ni nani wamewekwa katikati: wanawake watatu waliozaliwa kati ya 1949 na 1952, wanaotamani, wanaocheka, wanaokosea, wanaoruka majini na nguo zao. Nchini Marekani filamu hii ilitoka tarehe 18 Julai 2008, siku moja na The Dark Knight, na katika msimu ule wa mashujaa wenye vinyago ilikuwa karibu peke yake katika kuwaambia wanawake wa umri huo kwamba hadithi ni yao. Mhakiki asiyeliona hilo ameacha nusu ya kazi yake.

Kuhusu ile ya pili, Mamma Mia! Here We Go Again, iliyoongozwa na Ol Parker: mwonyeshe. Wahakiki wengi waliipokea vizuri kuliko ya kwanza, nami nafikiri ni kwa sababu Parker anajua zaidi filamu gani inaendelea katika dakika ipi. Nyimbo zilizovuma zaidi zilikuwa zimetumika, ikabidi achimbe zile ambazo watu hawakuzikariri, na wimbo ambao mtu hakuukariri anausikiliza. Kuna uchangamfu mwingi na kuna mwimbaji Cher, na hapo kaka yako anaweza kwenda kunywa maji. Lakini mwite arudi mwishoni, kwenye ubatizo wa mtoto wa Sophie, katika kikanisa kile kile cha mwambani. Donna amekwisha kufariki. Wimbo ni My Love, My Life wa mwaka 1976, ambao asili yake ni mpenzi anayemuaga mpenzi. Safari hii baadhi ya maneno yameandikwa upya, na Sophie anauimba akiwa na mwanawe, halafu Streep anaingia, yupo na hayupo, na mama na binti wanaumalizia pamoja. Kaa karibu na mama yako wakati huo, na uwe na kitambaa.